Wenzake wa Karata

Siku hizi hospitali haimruhusu mgonjwa kurudi nyumbani mpaka wenzake watatu wa klabu waje kumchukua na kuahidi kuwa watamtembelea. Bi Mwanvua hakuwa na wasiwasi. Asubuhi ile wenzake wa klabu ya karata waliingia wodini wakicheka, wote wamevaa kanga za njano.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo Ndeshi, aliyepona tangu masika. Maisha yake yote kazi zilimbana, hakuwahi kujiunga na klabu yoyote.

"Tumchukue na huyu," Bi Mwanvua alimwambia mwenyekiti wao, Mama Kaseko.

"Anajua karata?"

"Sijui, mama," Ndeshi alijibu kwa aibu.

"Basi tutakufunga kila siku mpaka ujue," Mama Kaseko alisema, akamshika mkono na kumwinua.

Muuguzi aliwauliza kama wanaahidi, nao wakaitikia kwa pamoja. Ndeshi alilia huku akivaa viatu.

Mlangoni, Bi Mwanvua aligeuka kuwaaga waliobaki. Wodi nzima wanawake walikuwa wameketi vitandani, wazima kabisa, nywele zimechanwa vizuri, wakimtazama Mama Kaseko.