Fuko na Maji ya Chini ya Makaa

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Fuko alimpenda sana jirani yake Kanga, aliyekuwa akiwapikia wote huku machozi yanamtoka kwa moshi wa kuni. Siku moja akaibuka shimoni anahema.

"Dada Kanga, huko chini kwenye makaa ya mawe kuna gesi! Inawaka bila moshi. Tukiyatoa maji yaliyoikalia, inapanda yenyewe."

Kanga akaruka kwa furaha. Mama Chura, aliyekuwa akilea watoto wake kwenye chemchemi, akauliza, "Na hayo maji yataenda wapi?"

"Yatamwagikia kwako, yakuongezee. Maji ni maji, Mama!"

"Haya. Lakini desturi unaijua. Anayechimba ndiye anayekunywa kwanza."

Fuko akacheka, akachimba, akapiga funda moja kubwa. Lo! Chumvi na uchungu vikamfumba macho.

"Matamu?" Mama Chura akauliza.

"Fukieni! Fukieni haraka!"

Kanga akamfuta uso kwa bawa lake. "Kaka yangu, bora macho yangu yalie kuliko watoto wa Chura wafe."

Tangu hapo Fuko humtafutia Kanga kuni kavu, zisizo na moshi mwingi. Huzitafuta kwa kupapasa, maana macho yale hayajafumbuka mpaka leo.