Njiwa wa Eliakunda

Tisheti za waumini ziliiga za kampuni moja kubwa ya michezo, ila alama yake ilipindwa ikawa njiwa, na njiwa huyo aliwaka pale tu mvaaji alipoamini. Njiwa wa Aikande alizimika siku walipomzika mtoto wao. Tangu hapo alijifunika kitenge hata nyumbani, mumewe Eliakunda asijue.

Leo walikuwa wakimvisha Eliakunda kwa mazishi.

"Wifi, ona," dada wa marehemu alinong'ona. "Amekufa, na njiwa wake bado anawaka."

Aikande alipapasa pindo la tisheti. Akagusa kibetri kilichoshonwa kwa ndani, kwa mishono mikubwa ya mtu asiyezoea sindano.

Miaka yote ile walilala kitanda kimoja, kila mmoja akimficha mwenzake giza lilelile.

"Naona, wifi," alisema, akakaza kitenge kifuani.