Urefu wa Mguu wa Bakiri

Tangu Bakiri, kaka yake, azikwe, Machupa hakuwa amegusa gari walilokuwa wakiliunda uani. Leo alilaza bomba la chuma kando ya ufito ambao Bakiri aliukata kwa urefu wa mguu wake, akatia alama ya chaki, akawasha grenda ya kukatia chuma.

Alipomaliza, alipanga mabomba ya fremu chini pamoja na pedeli, akaweka kigoda mahali pa dereva, akaketi. Miguu yake haikufika kwenye pedeli.

"Shemeji, umemkatia yeye," alisema Zamda, mjane wa Bakiri, aliyekuwa akileta chai.

"Nimepitiwa. Nitalipunguza."

Zamda akaweka sinia chini. Machupa akatazama sinia. Walikuwa wawili tu pale uani, lakini vikombe vilikuwa vitatu, vyote vimejaa.

Akainuka taratibu, akakiacha kigoda palepale, akahamia upande wa abiria.