Inchi Moja na Nusu

Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025. Tangu alfajiri mawingu yalikuwa yameufunika mlima wote wa Uluguru, na manyunyu yalishuka mpaka mjini.

Pili aliingia studio ya Dilip bila kukunja mwavuli na bila kumwamkia mtu. Mjomba wake Stambuli, mzee wa miaka themanini na miwili, alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, fimbo katikati ya magoti. Alingoja shikamoo. Haikuja.

"Wamefika wote?" Pili aliuliza.

"Wote uliowaita," alijibu Yusuph, mpwa mkubwa wa Stambuli, akionyesha wazee watatu wa ukoo walioegemea ukuta. "Tumeacha mashamba, tumeshuka na bodaboda kwenye utelezi, na tumefunga. Haya, tuonyeshe sinema yako."

Pili aliifungua kanga, akatoa picha na kuibamiza juu ya kaunta. Asubuhi ile alikuwa ameichomoa mwenyewe ukutani kwa Stambuli, ilikoning'inia miaka yote. Ilipigwa mwaka 1953. Wanawake saba wamekaa mkekani mbele ya shamba la ukoo. Nyuma yao wamesimama waliotoka koo nyingine, waliooa na walioolewa humo.

"Waliokaa mkekani ndio wenye ardhi," Yusuph alisema, "na kwetu ardhi inapita kwa mama. Kila mtu hapa atakuonyesha bibi yake kwa kidole. Wako yuko wapi, dada Pili? Jumamosi tunagawa shamba. Ile migomba utatuachia."

Migomba ile Pili aliipanda pamoja na mama yake. Mama huyo alibaki yatima angali mchanga, akalelewa na mama yake Stambuli, na mpaka anafariki alikuwa na neno moja: bibi yako Mwanvita alikuwapo siku ile ya picha. Kila baada ya sala Pili alimwomba Mungu amwonyeshe ukweli.

"Dilip, pima."

Dilip alikuwa ameirithi studio kwa babu yake, aliyeipiga picha ile, pamoja na makasha ya vioo vya picha za zamani. Akachukua rula.

"Kamera ya babu ilipiga kwenye kioo, kioo kimoja picha moja," alisema. "Naye hakukuza. Aliweka karatasi juu ya kioo, akaipiga mwanga, basi. Kwa hiyo picha inalingana na kioo chake. Na vioo vya kamera ile ni inchi sita na nusu kwa nane na nusu." Akainama. "Hii ni sita na nusu kwa saba."

"Karatasi imenywea," alisema Yusuph. "Miaka sabini hiyo!"

"Karatasi hainywei upande mmoja. Tazama ukingo. Kioo kilikaa ndani ya fremu ya mbao, na fremu ilikibana pande zote. Pale ilipobana, mwanga haukufika, kwa hiyo kwenye picha panatoka mstari mweusi. Ilipaswa iwe mistari minne. Mimi naona mitatu."

Upande wa kulia haukuwa na mstari. Picha ilikatika ghafla, pale pale mkeka ulipoishia.

"Mkasi!" Pili alimgeukia Stambuli. "Inchi moja na nusu, mjomba! Ulimkata bibi yangu kama kitambaa cha fundi! Mama yako ukamtundika ukutani, bibi yangu ukamtupa jalalani. Halafu Ijumaa unakaa safu ya mbele msikitini!"

Wazee walishtuka. Kijijini, watu wakigombana, huitwa Stambuli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkamata na uongo.

"Pili, mwanangu," alisema mzee, "nenda nyumbani. Nikiwa hai hakuna atakayelikanyaga shamba lako."

"Na ukifa? Huyu Yusuph atanipa nini, rambirambi?"

Mzee mmoja alicheka, kisha akaona haya.

"Hicho kioo kiache kwenye kasha lake, Dilip," Stambuli alisema polepole. "Nakuomba, baba."

"Anaogopa!" Pili akapiga kaunta. "Mnamwona? Mwizi anaogopa! Kilete, Dilip!"

Dilip alikwenda chumba cha nyuma, akarudi na bahasha ya kaki iliyofubaa. Akakichomoa kioo taratibu, akamkabidhi Pili.

"Shika kingo tu. Nyeusi utaiona nyeupe, na nyeupe nyeusi, lakini ukituliza macho utawatambua. Hao wengine nitawasafishia picha nzima sasa hivi."

Pili alikiinua dirishani. Aliwahesabu wanawake wa mkekani. Saba. Akahesabu tena. Katika ile inchi moja na nusu hapakuwa na mkeka, palikuwa na nyasi tu. Nyuma ya nyasi, mwisho kabisa wa safu ya walioolewa, alisimama mwanamke mwenye shingo ndefu ya mama yake, amebeba kichanga mgongoni.

Pili akakibana kioo kifuani.

"Leta na sisi tuone," Yusuph alisema, akinyoosha mkono.

Fimbo ilitangulia. Stambuli alikuwa amesimama kati yao, akihema.

"Hakuna haja ya kuona wala kusafisha picha," alisema. "Ndugu zangu, nimefunga, na Mungu ananisikia. Mwanvita alikaa mkekani, wa nane, mwisho kulia. Nilimkata mimi, kwa tamaa ya shamba. Mwizi ni mimi, kama Pili alivyosema. Na mbele yenu nyote naahidi: migomba ile ni ya Pili na watoto wake, na wa ukoo atakayeigusa, niwe hai au niwe kaburini, amenigusa mimi."