Swali la Dizeli

Mzee Gachau hakuwa na digrii. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala dawati la kutosha magoti yake, wala kikokotoo ambacho kitufe cha saba kiliitika bila kubonyezwa kwa ukucha. Subira, ambayo watu hudhani kila mzee wa miaka sabini anayo, hakuwa nayo hata chembe. Ndiyo maana alikuwa akigonga kioo cha ofisi ya mitihani pale Ruiru kwa kalamu, ingawa karani alikuwa akimtazama.

"Mzee, nimekusikia."

"Umenisikia tangu Jumatatu. Nataka Bwana Muthoka."

Muthoka ndiye aliyetunga mtihani wa injini wa chuo cha jioni cha Thika, ambako Gachau alijiandikisha baada ya kustaafu. Alitoka na kikombe chake cha chai, akaketi naye kwenye benchi la nje.

"Ni lile swali la nne tena?"

"Ni lilo hilo." Gachau alifungua kitabu magotini. "Uliuliza injini ya dizeli. Tunapopiga hesabu ya injini kamilifu ya petroli, joto lote huingia kwa mkupuo, pistoni ikiwa bado juu. Kwa dizeli, joto huingia polepole huku pistoni ikishuka. Mgandamizo ukiwa ule ule, ufanisi wa dizeli lazima uwe mdogo. Jibu ni asilimia sitini na tatu. Mwongozo wako wa kusahihisha unasema sitini na nane. Hiyo ni petroli!"

Muthoka hakubisha, na hilo ndilo lililomkera Gachau zaidi. Mtu anayebisha unaweza kumshinda.

"Miaka yote swali hilo lilikuwa la petroli," Muthoka alisema. "Safari hii nikabadilisha injini, nikasahau kubadilisha jibu. Na nyinyi mlikuwa mmekariri karatasi za miaka iliyopita. Karibu darasa zima likaandika sitini na nane bila kusoma swali. Hakuna aliyegundua."

"Kulthum aligundua."

Kulthum alikuwa mwenzake wa dawati, kijana wa kiwanda cha nguo hapo hapo Ruiru. Aliandika sitini na tatu, akafeli kwa alama chache tu. Kiwandani alikuwa ameahidiwa kazi ya kusimamia jenereta, mradi alete cheti kabla ya mwezi kuisha. La sivyo, nafasi ingepewa mtu mwingine, naye abaki kukata nyuzi kwenye mashati.

"Basi sahihisha upya," Gachau alisema.

"Nikifungua mwongozo, alama zote zitapanguka. Wengine watapanda, wengine watashuka."

"Wa kushuka ashuke!"

Muthoka alipuliza chai yake. "Anayeamua ni kamati, Mzee. Mimi mkataba wangu unaisha Desemba, sitaki kuwa kisa. Na kamati imezoea barua za waliofeli. Hupokea gunia zima kila mwaka. Wakisoma mstari wa kwanza wanasema, huyu naye analilia alama. Wanaiweka kando."

Gachau alikifunga kitabu kwa kishindo, akaondoka bila kuaga.

Kulthum alikuwa akimngoja langoni, bado amevaa sare ya kazi. Alizoea kumwita Guka, babu kwa Kikuyu.

"Guka, umewapigia kelele tena?"

"Nimewapigia hesabu."

"Na hiyo presha yako, siku moja utawaka kwa mgandamizo tu, bila plagi, kama dizeli." Alicheka. "Wacha tu hii maneno. Mimi nitarudia mwaka ujao."

"Urudie kitu unachokijua?"

"Sasa utadu? Utafanya nini, Guka? Mimi nimeshawaandikia. Hata hawakujibu."

Nyumbani kwake, mtaa wa Kamenu, mambo hayakuwa afadhali. Binti yake, Jackie, alikuwa amekodi hema na kualika nusu ya mtaa hata kabla ya matokeo kutoka, kwa kuwa baba yake alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wao kufanya mtihani wa chuo. Matokeo yalipokuja, mzee aliyasoma, akayakunja, akayatia mfukoni. Na tangu alipoirudia ile hesabu pamoja na Kulthum, hakutaka kusikia neno hema.

"Baba, kwani ni lazima uandike hiyo barua?" Jackie alimkuta mezani, karatasi alizozifinyanga zimezagaa sakafuni. "Watu wanakuja Jumamosi. Nitawaambia nini?"

"Waambie wale nyama ya mbuzi."

"Na wakiuliza ya mtihani?"

"Waambie baba yako bado anasoma."

Jackie aliibamiza sufuria jikoni. Subira yake alikuwa ameirithi kwa babake.

Asubuhi Gachau alivaa koti lake la kanisani, akaenda posta mjini Thika. Karani, mwanamama mwenye miwani shingoni, aliipima bahasha iliyokuwa bado wazi, akachukua kalamu.

"Barua ya rejista? Basi niambie ndani kuna nini, mzee. Lazima nijaze."

"Barua kwa kamati ya mitihani," Gachau alisema. "Na cheti changu cha kufaulu. Mimi niliandika sitini na nane."

Alipaka gundi ukingoni mwa bahasha, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika, akamkabidhi.