Nafasi ya Kifaa Kimoja

Mama alihitaji betri mpya ya moyo, ile inayochomekwa kwa waya wa USB nyuma ya sikio. Lakini kiini cha mfumo wake wa kichwani, kama cha wazee wote siku hizi, kilikuwa kimejaa vifaa kinavyovitambua. Ili kitambue kifaa kipya, lazima uondoe cha zamani.

“Nitoe kipi, mama?”

“Toa cherehani. Macho yenyewe yameshachoka.”

Nikaitoa, nikaujenga mfumo upya, nikauwasha. Moyo ukadunda vizuri. Nilidhani ataacha kushona tu.

Asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya cherehani yake. Gauni langu la Idi lilikuwa bado chini ya sindano, limebakiza mkono mmoja.

“Zamda,” aliniuliza kwa upole, akiinyoshea cherehani kidole, “hili dude, mwenyewe atakuja kulichukua lini?”