Buibui Aliyelala Chali

Bi Mwanamize alifunua tangi la kioo, ufagio mkononi. Buibui wa bintiye, mkubwa kama kiganja cha mtu mzima, alikuwa amelala chali.

"Afadhali amekufa. Namtupa jaani."

"Usimguse, mama!" Tunu alimshika mkono. "Anajivua gamba. Angekufa angekunja miguu. Sasa hivi mwili wake ni laini kama ute wa yai. Ukimsukuma tu, umemuua."

Bi Mwanamize hakuuweka ufagio chini. Tangu mdudu yule aingie nyumbani alikuwa hajalala vizuri hata usiku mmoja.

Gamba likapasuka. Mguu mweupe ukachomoza, kisha wa pili. Wa tatu ukakwama. Buibui akatetemeka, akatulia.

"Mbona hasogei?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hewa ni kavu. Gamba limemng'ang'ania." Machozi yalimlengalenga Tunu. "Hatuwezi kumvuta."

Mama akatoka. Alirudi na bakuli la maji ya moto, akalitia ndani ya tangi, mbali na buibui, akapiga magoti.

"Sukuma, mwanangu," alimnong'oneza buibui. "Sukuma, usichoke."

Mvuke ukatanda kwenye kioo. Wote wawili wakainama, wasione kitu, wakisikiliza kama gamba litaachia.